Furaha Isiyolipiwa

Namna Chedego Malogo alivyofika Usifani haina haja ya kusimuliwa. Alitoka kwao, akafika, basi. Wanaopenda habari za mizigo na vumbi la njiani watazipata kwa wasafiri wengine. Linalofaa kujulikana ni sababu ya safari. Chedego alikuwa mkulima wa zabibu wa Mpunguzi, upande wa Dodoma, na wenzake wa chama cha ushirika walimtuma akaonje kwa ulimi wake mwenyewe mvinyo wa Usifani, ambao chupa yake moja huuzwa kwa bei ya ng'ombe mwenye mimba, ili awaambie kama una thamani hiyo kweli au ni maneno ya wauzaji tu. Walimchagua yeye kwa kuwa hakuwa na upendeleo mbele ya kikombe. Aliwahi kuonja mvinyo wa shemeji yake siku ya harusi, akasema mbele ya wakwe kwamba umeanza kuwa siki, na shemeji akanuna mpaka mavuno yaliyofuata. Watu walisema Chedego hana adabu, lakini walipotaka kujua ukweli wa pipa walimwita yeye.

Usifani ni nchi ya kilima kimoja. Juu kabisa ni Kilele, chini kabisa ni Bondeni, na katikati mashamba ya mizabibu yamepangwa kwa bei, hivyo kadiri miguu inavyopanda ndivyo mfuko unavyoshuka. Mpakani afisa hakumuuliza amebeba nini wala atakaa kwa muda gani. Alimuuliza, "Umezoea kunywa wa bei gani?"

Chedego akamtajia bei ya kwao. Afisa akamtazama kwa huruma, akamfunga uzi wa kijivu kwenye kiwiko cha mkono, akamweleza kwamba uzi huo ni wa heshima kama nyuzi nyingine zote, ila asiuoneshe sana.

Sheria za nchi hiyo ndizo zilizoleta yote yaliyomkuta, kwa hiyo lazima zielezwe. Bei ya mvinyo haipangwi na mkulima wala mnunuzi. Inapangwa na maafisa waitwao Wasoma Uso. Msoma Uso huketi mbele ya mnywaji na yeye mwenyewe haonji hata tone. Kazi yake ni kutazama: nyusi zimepanda kiasi gani, midomo imelegea vipi, pumzi imetokea puani au kinywani. Furaha ikizidi, bei inapanda, na ikishapanda haishuki, maana Katiba yao inasema taifa haliwezi kufurahi leo na kujuta kesho. Watoto hufundishwa shuleni kuweka uso unaolingana na bei kabla hawajafundishwa kusoma. Matokeo yake, mwenyeji wa Usifani akitajiwa bei uso wake unaifuata wenyewe, na mtu hawezi tena kujua kama amefurahishwa na kinywaji au na kile alichosikia. Wasoma Uso wanalijua jambo hili, na hawalioni kuwa tatizo.

Yuko pia Mkuu wa Ngazi. Huyu kazi yake ni kuhakikisha kwamba mvinyo ghali haufikiwi kwa mguu mwepesi. Shamba likipandishwa bei, anakuja na mafundi na kuliongezea vipandio. Chedego alionyeshwa shamba moja lililokuwa mahali tambarare kabisa, nalo likapandishwa bei. Ikabidi lijengewe ngazi ya kupanda na nyingine ya kushukia upande wa pili, na mgeni anafika palepale alipokuwa, akihema. Aliambiwa wageni wanaohema huonja vizuri zaidi.

Jioni ile, kwenye nyumba ya wageni ya katikati ya kilima, alikuta mjadala ambao haujawahi kukatika tangu nchi ianze. Kundi la kwanza lilishikilia kwamba mvinyo ni ghali kwa sababu ni mtamu. Kundi la pili lilisema hapana, ni mtamu kwa sababu ni ghali. Kundi la tatu, la vijana waliosoma, lilisema wazee wote wamekosea: ughali ndio utamu wenyewe, na kilichomo kikombeni ni cha kuulowanisha tu. Walijibizana kwa heshima kubwa, wakipeana zamu.

"Kwani hakuna aliyewahi kuonja bila kujua bei?" Chedego akauliza.

Kisha mzee mmoja akaweka kikombe chake chini na kumwambia kwa upole, kama mtu anavyozungumza na mgonjwa, "Mwanangu, ukionja bila kujua bei, utajuaje umeonja nini?"

Kesho yake alipanda Kilele. Alipanda asubuhi yote, na alipofika miguu ilikuwa inamtetemeka na kiatu kimoja kimeachama. Hakupewa kinywaji. Alipewa kiti, na mbele yake akasimama msimulizi, kwa kuwa Kilele hakimiminwi kitu kabla hakijasimuliwa. Msimulizi alieleza habari za babu wa mzabibu ule, za mvua iliyonyesha upande mmoja tu wa shamba, na za pipa lililolazwa mahali ambapo sauti za watu wenye haraka hazifiki. Mwisho akataja bei, akitua baada ya kila neno. Ilikuwa sehemu kubwa ya fedha aliyopewa na chama.

Kiti cha jirani alikaa bwana mmoja wa Usifani aliyekuwa akinywa huku machozi yanamtoka. Msoma Uso aliyemkabili aliandika upesi, uso umemng'aa: furaha ya daraja la juu. Chedego, aliyekuwa karibu zaidi, alimsikia yule bwana akinong'ona jina la kiwanja alichouza.

Basi akanywa na yeye. Mdomoni mwake hasira ilikuwa imetangulia, na mvinyo ulipofika sijui kama ulipata nafasi. Aliumeza, akasema moyoni kwamba haya ni majivuno yaliyotiwa kwenye chupa, na akateremka kilima akiwa mwepesi. Hakuna linalomfurahisha mtu kama kugundua kwamba kitu asichokimudu ni kibaya. Njia nzima alikuwa anajisemea, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na alijiona amekwisha kupata jibu la kuwapelekea wenzake.

Alifika Bondeni jua likielekea kuzama, tumbo tupu, na harufu ya nyama ya kuchoma ikamwingiza uani kwa watu asiowajua. Ulikuwa ua wa mwanamke aitwaye Sikudhani, mkulima wa kipande cha mizabibu nyuma ya nyumba. Watu walikuwa wamekaa juu ya mapipa yaliyopinduliwa na matofali, waashi, madobi, mkunga mmoja mzee, wote na vikombe vya bati walivyokuja navyo kutoka majumbani. Kwenye makaa kulikuwa na mbavu za mbuzi. Fundi Kitwana, mwashi mwenye viwiko vilivyokauka chokaa, alisogea akampa nusu ya pipa lake.

"Kaa, mgeni. Hapa hatuna ngazi."

Akapewa ubavu wa mbuzi, akapewa kikombe. Akanywa, akatafuna, akanywa tena. Mkunga alikuwa anasimulia habari ya mtoto aliyezaliwa asubuhi hiyo akiwa tayari ana hasira na baba yake, na ua wote ulikuwa unacheka. Chedego alijikuta anacheka na watu ambao majina yao hakuyajua. Akautazama mvinyo wake mwekundu kwenye bati, akasema moyoni, sasa huu ndio mvinyo.

Sikudhani alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini na vidole vilivyoiva rangi ya zambarau. Hakuwa mtu wa kukaa; alipita na jagi toka kikombe hiki hadi kile. Chedego alimuuliza, mkulima kwa mkulima, anautengenezaje.

"Nazichuma mapema, kaka yangu, kabla hazijakolea sukari," akamjibu. "Watu wangu wanakunywa na chakula, na kesho wana kazi. Ukizidi utamu wanaacha kula."

Chedego akatikisa kichwa kama aliyeambiwa siri kubwa. Hakika hakusikiliza, alikuwa anakunywa.

Wakati huohuo Wasoma Uso walikuwa wamesimama nje ya ua. Hawakuwa na kawaida ya kushuka Bondeni, ila kicheko cha siku nyingi kilikuwa kimefika juu na watu wa juu wakauliza ni cha nini. Mkubwa wao, Bwana Takdiri, alikuwa mtu mstaarabu aliyevua kofia kabla ya kuingia. Aliomba radhi kwa kukatiza mazungumzo. Kisha akazunguka polepole, akitazama uso mmoja baada ya mwingine, na kila alipotazama alisikitika zaidi.

"Nyuso hizi," akasema, "haziendani kabisa na bei hii."

"Ni kosa, mheshimiwa?" Sikudhani akauliza.

"Ni furaha isiyolipiwa, mama. Kuna mtu huko juu ameuza kiwanja chake apate nusu ya ninachokiona kwenye uso wa fundi huyu. Unadhani ni haki?"

Fundi Kitwana akafuta mdomo. "Sasa, mzee, tuirudishe?"

"Mngekuwa mnaweza kuirudisha kusingekuwa na kesi," Bwana Takdiri akamjibu, na hakuwa na mzaha.

Akaeleza sheria inavyosema. Ama mvinyo wa mama huyu ni bora kuliko bei yake, na basi upandishwe. Ama nyuso hizi zinadanganya, na wenye nyuso watarudishwa shule. Baraza la Wasoma Uso haliwezi kuamua kwa kutazama wenyeji, kwani nyuso za wenyeji zimefundishwa. Kwa kesi kama hii upo utaratibu wa zamani uitwao Kikombe Kipofu. Anatafutwa mgeni, anafungwa macho, anapewa vikombe viwili, kimoja cha mshtakiwa na kimoja cha Kilele. Atakachokichagua kitapanda hadi bei ya Kilele na kukaa huko. Kingine kitashuka Bondeni na kuuzwa kwa bei ya Bondeni. Hiyo ndiyo njia pekee ambayo bei inaweza kushuka Usifani, na kwa miaka mingi haikuwa imetumika kwa sababu watu wa Kilele hawakuona wa kushindana naye.

Akautazama uzi wa kijivu mkononi mwa Chedego. "Na tumebahatika. Mgeni yupo."

Asubuhi, kabla hajapelekwa Barazani, Sikudhani alimwita Chedego nyuma ya nyumba, kwenye mapipa. Hakumkaribisha kukaa. Alikuwa ameshika kitambaa na anafuta pipa ambalo lilikuwa safi.

"Kaka yangu, ukiuchagua wangu umenimaliza."

Chedego akashangaa. Kwao mtu akisifiwa mvinyo wake huchinja mbuzi. "Kuitwa bora kunakumalizaje, dada?"

"Lakiri ya Baraza itabandikwa pale mlangoni. Kitwana hatakunywa tena hapa, mkunga hatakunywa, na mimi mwenyewe nina uzi kama wako, na mwenyeji si kama mgeni, hanywi bei iliyopita uzi wake; sitaruhusiwa kuuonja. Nitakuwa napika kitu nisichokijua, kwa watu nisiowajua, wanaokunywa huku wanalia. Huu ua ndio kitu nilicho nacho. Mume wangu alipofariki, watu hawa walikuja na vikombe vyao wakakaa hapo, na hawakuondoka mpaka nikaanza kuongea tena." Akakikunja kitambaa. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi niponye. Chagua wa Kilele."

Chedego akamwahidi. Ahadi ile ilimwia nzito, kwa sababu hakuwahi kusema uongo mbele ya kikombe tangu apate akili, na hata shemeji yake alikuwa shahidi wa hilo. Lakini alimwonea huruma, na alikuwa anamchukia msimulizi wa Kilele, na vitu hivyo viwili vikikutana kwa mtu havimwachii nafasi kubwa ya kufikiri. Njiani alianza kuuzoeza uso wake. Aliamua kwamba ulimi wake utakapoupata ule mvinyo mzuri wa Sikudhani, atafikiria mwaka ambao ukungu ulikula mizabibu yake yote. Ukifika ule wa Kilele, atafikiria siku aliyozaliwa mwanawe wa kwanza.

Chumba cha Baraza kilikuwa cheupe, kina baridi, na hakina harufu ya kitu chochote. Wasoma Uso walijipanga mbele yake, Bwana Takdiri katikati. Upande mmoja alikaa mwenye Kilele, mzee mtulivu aliyevaa joho. Upande wa pili Sikudhani, mikono mapajani. Nyuma, watu wa Bondeni walisimama wakiwa wamevaa nguo za sikukuu. Chedego hakupewa chakula. Akafungwa kitambaa cheusi machoni, akapewa glasi nyembamba ya kwanza.

Akanywa. Mvinyo ulikuwa mpole, umetulia, na baada ya kumezwa haukuondoka. Ulibaki mdomoni ukibadilika kidogo kidogo, na kila badiliko lilikuwa zuri kuliko lililopita. Huu hapa, akajisemea, huu ndio wa Sikudhani, nani mwingine anaweza? Akavuta haraka kumbukumbu ya ukungu na mizabibu iliyokauka, akakunja uso kwa kadiri alivyoweza.

Akapewa ya pili. Huu ulikuwa mwembamba. Ulikuwa na ugwadu unaovuta mashavu, na ukakasi ulimshika kwenye fizi. Kwa chakula pengine ungefaa; hivi ulivyo, mtupu, kwenye kile chumba cha baridi, ulikuwa kinywaji cha kawaida kabisa. Chedego akaona raha. Majivuno matupu, akajisemea, nilijua tangu juu kule. Akamleta mwanawe akilini, siku ile, na uso wake ukafunguka wote.

"Wa pili," akasema. "Wa kwanza ni mbaya. Wa pili sijawahi kuonja mfano wake."

Hakusikia mtu kushangilia. Alisikia kalamu za Wasoma Uso tu. Bwana Takdiri mwenyewe alikuja kumfungua kitambaa, akakigeuza kikombe cha pili ili alama iliyochorwa chini yake ionekane.

"Kikombe cha pili," akatangaza, "ni cha Bondeni."

Chedego alimtazama Sikudhani. Yeye hakumtazama. Alikuwa anaangalia mikono yake, na Chedego akaelewa yote kwa mara moja: kwamba Kilele alikunywa kwa hasira, na Bondeni alikunywa kwa njaa na kicheko, na kwamba katika nchi hii yote aliyoidharau kwa kuonja kwa masikio, hapakuwa na aliyeonja vibaya kama yeye. Angesema kweli, angemwokoa. Akainuka aeleze.

"Waheshimiwa, nimekosea. Nilidanganya. Wa kwanza ndio—"

"Mgeni," Bwana Takdiri akamkatiza kwa upole, "sisi hatukuandika maneno yako. Tumeandika uso wako. Huo umeusema ukweli wote, na tunakushukuru."

Mambo ya Usifani yakiamuliwa hayacheleweshwi. Kabla ya jioni Mkuu wa Ngazi alikuwa amefika kwa Sikudhani, na kwa kuwa ua ulikuwa chini ya kilima, mafundi walianza kuchimba kwenda chini ili ngazi zipatikane. Fundi Kitwana alikuwa mmoja wa walioajiriwa kuchimba. Lakiri nyekundu ilibandikwa mlangoni pa mapipa, na askari akawekwa getini. Majirani waliokuwa wakinywa pale bila kusema neno lolote kuhusu mvinyo wenyewe, sasa kila mmoja alikuwa na la kusema. Mmoja alisema yeye tangu zamani alijua kile si kinywaji cha kawaida. Dobi mmoja alisema alikuwa akisikia harufu ya maua. Hata Kitwana, akiwa ndani ya shimo na sepetu mkononi, alisikika akisema kwamba yeye aliuona ubora ule mapema sana, ila alinyamaza kwa heshima.

Saa zao zilipofika walikuja na vikombe vyao kama kawaida, kwa kuwa mguu hausikii tangazo. Askari akawatajia bei. Wakacheka, wakidhani anawatania. Alipoirudia, nyuso zao zilianza kuonyesha heshima zenyewe, kama zilivyofundishwa, na wakarudi nyuma hatua moja. Mkunga mzee akakificha kikombe chake ndani ya kanga.

"Hongera, mwanangu," akamwambia Sikudhani kupitia getini, na akaenda zake.

Chedego alibaki uani kwa sababu hakujua pa kwenda. Alijiona mtu mbaya, na hakuna alichoweza kufanya na hisia hiyo. Sikudhani alikuwa anaokota mifupa ya mbuzi ya jana chini ya matofali.

"Niambie kweli," akasema bila kuinua kichwa. "Upi ulikuwa mtamu?"

Chedego akamjibu, "Wa Kilele."

"Sana?"

"Sana, dada. Nilidhani ni wako."

Akafikiri kwamba atalia, au atamfukuza. Sikudhani aliweka mifupa kwenye ungo, akanyooka.

"Sikukuomba udanganye," akasema. "Nilikuomba uchague wa Kilele. Ungekaa pale ukaonja tu, ungeuchagua. Mimi nilikuogopa tangu nilipokuona unakunywa hapa, nikasema huyu anaupenda kupita kiasi. Kaka, mvinyo wangu ni wa kawaida. Sikuutengeneza uwashinde watu, niliutengeneza uwatoshe. Wewe ulituonea huruma. Hukutuonja."

Chedego akainama, akaokota mfupa mmoja uliobaki chini ya tofali, akautia kwenye ungo.

Pipa la kwanza la Kilele liliteremshwa siku iliyofuata, likaviringishwa na vibarua mpaka kona ya kisimani, na kuanza kuuzwa kwa bei ya Bondeni, kama sheria inavyotaka. Lilikuwa halina ngazi, halina msimulizi, na watu walilipita kwa mashaka, maana wote walikuwa wamesikia kwamba mgeni amesema ni baya. Fundi Kitwana ndiye aliyenunua jagi, kwa kuwa kuchimba kunatia kiu. Alilileta kwenye ukuta wa ua wa Sikudhani, upande wa nje, ambapo majirani walikuwa wameanza kukusanyika kwa kukosa pa kukusanyika. Sikudhani akatoka. Kitwana akammiminia.

Mwanamke huyu alilima zabibu chini ya kilima kile maisha yake yote, na hakuwahi kuonja kilichotoka juu yake. Akanywa polepole.

"Ni mtamu," akasema. "Ni mtamu kuliko wangu, kwa mbali."

Hakuwa na uchungu katika sauti, na Chedego aliyekuwa amesimama pembeni aliona afadhali angekuwa nao. Kikombe kikazunguka. Mkunga alikuwa amerudi, akanywa, nyusi zake zikapanda. Dobi akalegeza mdomo. Kitwana alifumba macho, na pumzi ndefu ikamtoka kinywani, na watu wakaanza kusogeleana, mmoja akaulizia kama mbavu zimebaki. Kwa kitambo kidogo ilikuwa karibu kama juzi.

Sikudhani alikuwa anatazama barabarani. Ng'ambo ya pili, chini ya kivuli cha ukuta, alikuwa ameketi mmoja wa Wasoma Uso, kalamu mkononi.

"Kunyweni," akawaambia majirani zake kwa sauti ya chini. "Ila kunjeni nyuso."

Wakamwelewa. Mmoja baada ya mwingine walikunja nyuso, kama watu wanaokunywa dawa ya mizizi, wakapitisha jagi kimya kimya, na aliyetaka kucheka aligeukia ukutani. Chedego naye akapewa kikombe. Akanywa ule mvinyo mzuri na kukaza taya.

"Mpaka lini?" Kitwana akauliza, midomo imebana.

"Mpaka aondoke yule."

Wote wakamtazama kwa jicho la pembeni. Msoma Uso alikuwa amekuja na mkeka wake wa kulalia.